Khulinjani Niliyoing'oa

Kanja, Jumapili, jua likishuka

Rukia mwanangu,

Sanduku lako liko mlangoni, na dada yako Wawira amepiga simu mara tatu kutoka Dallas kuuliza kama umeweka chandarua, vyeti na zile sare nyeupe za kazi. Hayo nimemwachia yeye. Wewe ni muuguzi, mtu mzima wa miaka ishirini na minne, na joto la Mombasa litakufundisha mavazi bila mimi. Sasa hivi umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya. Mimi nimekaa kwenye ngazi ya jikoni, daftari liko gotini, naitazama migomba, kwa sababu ninalotaka kukuambia limeota pale.

Khulinjani unaijua tangu ulipoanza kutembea. Umeikanyaga ukachapwa, umeinywa kwenye chai ukakunja uso. Wageni wakiuliza yale majani marefu ni ya nini, wewe na Wawira mlijibu "tangawizi ya Mama," nami nikawasahihisha kila mara, kama mwalimu asiyechoka. Tangawizi ni ndugu yake tu. Tangawizi unaivunja kwa mkono. Khulinjani inataka kisu chenye makali. Ngozi yake ni nyeupe yenye wekundu kidogo kwenye machipukizi, ina pete pete, na ukiikata inatoa harufu ya mkaratusi uliolowa mvua. Nilipokuja bara mara ya kwanza nikapita penye mikaratusi baada ya manyunyu, nilisimama barabarani nikamtafuta bibi yangu kwa macho. Baba yako alidhani nimesahau mzigo.

Mlipouliza ilifikaje huku, niliwaambia bibi yangu alinipa iwe zawadi ya arusi. Nimelisema hilo kwa miaka arobaini, hata kwa baba yako, na amezikwa akiliamini. Si kweli. Niliiba.

Bibi yangu ndiye Rukia wa kwanza. Mama yangu alipofariki, yeye ndiye aliyetulea, mimi na mdogo wangu Salma, katika nyumba ya Kuze, Mombasa, yenye ua mdogo nyuma. Alikuwa mpishi wa maharusi. Watu walimwita kwa mchuzi wake wa samaki na kwa sauti yake, maana akishamaliza kupakua alinawa mikono na kuongoza nyimbo za wanawake. Khulinjani ilimfanyia kazi zote mbili. Kwenye mchuzi aliikata vipande vyembamba, akaviponda kidogo kwenye kinu ili vifunguke, akavitia kwenye tui jepesi pamoja na samaki, kisha ndimu mwishoni, sufuria ikiwa imeshatoka motoni. Vipande vile havikuliwa. Alivitoa kimoja kimoja kwa kijiko kabla ya kupakua, maana ni vigumu kama vijiti. "Yeye kazi yake kuacha harufu," alisema, "akishaiacha, aende zake." Na kabla ya kuimba aliweka kipande kikavu shavuni, akakitafuna polepole. Salma alikuwa akimtania:

"Bibi, wewe huimbi mpaka ule kuni?"

"Koo langu lina kutu, mwanangu. Hii ndiyo msasa."

Shina lenyewe lilikuwa kwenye kona ya ua, karibu na mtungi, mahali maji ya kuoshea mchele yalipomwagwa. Alilipata kwa bibi yake yeye. Halikuwa kubwa, lingeenea ndani ya beseni. Kuchimba kulikuwa na sharti moja, na sharti hilo tulilijua kabla ya kujua kusoma: chukua wa pembeni, mama mwache. Unafukua kwa vidole, unatafuta chipukizi la ukingoni, unalikata, unarudisha udongo. Hata jirani akija kuomba akiwa na mgonjwa, Bibi alichimba mwenyewe. Hakumwachia mtu.

Halafu nikampenda baba yako, mwalimu kijana aliyekuja Mombasa kwa mafunzo, mtu wa kanisa kutoka Embu mwenye Kiswahili cha vitabuni. Baba yangu alikuwa mtu wa msikiti. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba nikipanda gari lile, nyumba ile nisiihesabu yangu tena. Bibi hakuunga mkono wala hakupinga. Alisema, "Huko ni baridi. Nitakukatia kipande uende nacho." Kumbe angenipa. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, Rukia. Angenipa.

Aliyeniharibia siku ni Salma, au niseme nilimruhusu aniharibie. Alikuwa na miaka kumi na minane, ameegemea mlango, mikono imejaa unga wa mahamri.

"Utarudi," alisema. "Huko wanachemsha mahindi na maharage, wakishachemsha wanakula. Hata bizari hawaijui. Utarudi unalia, na mimi ndiye nitakayekufungulia."

Ilikuwa siku moja kabla ya safari. Bibi alikuwa amekwenda kupika kwenye arusi. Salma akatoka kwenda dukani. Nilikwenda uani na mwiko wa chuma, nikaichimba khulinjani. Sikutafuta ukingo. Nilizunguka shina lote, nikalinyanyua na udongo wake, nikalifunga kwenye gunia, nikalisukuma chini ya nguo zangu. Kisha nikasawazisha shimo kwa unyayo na kumwaga maji juu yake. Nimejiuliza mara nyingi nilitaka nini. Nadhani nilitaka nyumba ile ikinikosa, ikose na kitu kingine. Asubuhi Bibi alinishika uso kwa mikono miwili akaniambia, "Subiri, sijakukatia," nami nikasema gari litaniacha. Nikaondoka sikugeuka nyuma.

Baba yako alikuwa amepangiwa shule Meru. Tulipewa nyumba ya mwalimu yenye bati na sakafu ya udongo, na mimi nikapanda shina lile kwenye debe nyuma ya jikoni, nikilimwagilia kila siku kama nilivyozoea kwenye joto la pwani. Ukafika mwezi wa saba. Ukungu wa Meru unaujua: unalala juu ya paa siku tano bila kunyanyuka. Majani yakawa ya manjano, kisha ya kahawia. Nikaongeza maji. Nilipolivuta, lilitoka lote mkononi, laini, limeoza, linanuka kama kitambaa cha sakafu.

Wiki tatu baadaye ikaja barua ya Salma. Ninayo. Iko ndani ya Biblia yangu kubwa, na leo nimeitoa. Aliandika: "Bibi anakohoa tangu mvua ianze. Sauti imekwenda. Anataka khulinjani, na kona yake ni tupu. Anasema labda ni panya. Mimi nasema si panya. Dada, ni wewe? Kama ni wewe sitakugombeza. Tuletee kipande tu."

Sikumwonyesha baba yako. Niliikunja, nikachukua kikapu, nikaenda Gakoromone. Nilifikiri soko kubwa namna ile, lenye kila kitu kinachoota juu ya mlima na chini yake, haliwezi kukosa mzizi mmoja. Nilizunguka kwa akina mama wote wa viungo. Mmoja, mwenye kilemba cha njano, nilimrudia mara mbili.

"Mama mwalimu, chukua hii. Ndiyo hiyo unatafuta."

"Hii ni tangawizi."

"Sasa unataka nini?"

"Iko kama tangawizi lakini nyeupe, ngumu, inanuka tofauti."

Akawageukia wenzake. "Sikieni huyu! Anataka tangawizi imesoma!" Wakacheka wote, na mwingine akaniuliza kama mwalimu hanipi chakula mpaka nitafute mizizi. Nikacheka nao. Nikanunua ile tangawizi kwa aibu, nikarudi nayo nyumbani.

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Ningeweza kuandika mistari miwili: ni mimi, imeoza, nisameheni. Badala yake nilijiambia nitajibu nikishaipata. Nilipanga kujibu nikiwa na kipande mkononi, nionekane mwema. Mwezi wa tisa ukapita, wa kumi ukapita. Karibu na Krismasi ikaja bahasha ya pili, ndani mstari mmoja kwa mwandiko wa Salma: "Bibi amefariki Alhamisi, tumemzika siku hiyo hiyo." Hakuniuliza tena.

Sijidanganyi, na usijidanganye kwa niaba yangu: khulinjani isingemzuia. Alikuwa mzee, na kifua chake kilikuwa kibaya kabla sijazaliwa. Inalegeza koo, inatoa upepo tumboni, inatuliza kichefuchefu cha safari, inapasha mwili joto siku ya manyunyu. Mwenye vidonda vya tumbo akiizidisha itamchoma. Huo ndio uwezo wake, na nimesoma vya kutosha kuujua mpaka wake. Lakini mtu aliyeimba maisha yake yote aliomba kitu kidogo cha kulainisha koo, akanyimwa na mtoto aliyemlea. Tena hata jibu hakupata. Kuing'oa nimejisamehe nusu. Kukaa kimya bado.

Sasa sikia Cucu wako, mama wa baba yako, alichofanya. Mwezi wa nane ule alikuja Meru kututembelea, akaliona debe. Nilikuwa nimelitupa kwenye lundo la takataka. Mwaka uliofuata, tulipokuja Kanja kwa likizo ya Pasaka, alinishika mkono akanipeleka hapa kwenye migomba.

"Mwana wakwa, angalia yako."

Majani matatu, yamesimama kama mikuki.

"Lakini ilikuwa imekufa, Mama."

"Haijakufa. Ilikasirika tu. Wewe unapatia maji kama unaosha mguu." Alikuwa ameokota kipande kimoja, ukubwa wa kidole gumba, akakata sehemu iliyooza, akakipaka jivu, akakizika kati ya migomba miwili mahali ambapo udongo haupati baridi, akakiacha bila maji mpaka kilipochoka kununa. Kumbe siku ile ninarandaranda Gakoromone nikichekwa, kilikuwa hai mikononi mwa mtu ninayemwita mama, na mimi sikumwambia ninalia nini. Nililia mbele yake palepale. Akadhani ni furaha.

Mchuzi wa kwanza niliompikia sikupata nazi, nikatia maziwa ya ng'ombe, nikakamulia ndimu sufuria ingali motoni. Yakakatika yakawa kama mtindi ulioangushwa. Cucu alionja, akaweka bakuli chini taratibu.

"Inanuka dawa ya hospitali."

"Samahani, Mama."

"Si kusema mbaya. Kusema inanuka."

Lakini Krismasi iliyofuata, mbuzi alipochinjwa na wanaume wakaanza kuchemsha supu ya kichwa na miguu, alikuja mlangoni akauliza, "Wapi ile ya kunuka?" Tangu hapo haikupikwa supu ya kichwa hapa bila vipande vitatu vya khulinjani na chumvi. Nilipokuletea kaka yako duniani, alinitilia kwenye supu ya kuku kila asubuhi, nikikaa kitandani, akanisimamia mpaka bakuli liishe. Wanawake wa Kanja wakaanza kuja kuomba. Nilichimba mwenyewe. Sikumwachia mtu.

Ulipozaliwa wewe nilikuwa nimeshakata tamaa ya mtoto mwingine. Wawira alibeba jina la Cucu, kama inavyotakiwa. Msichana wa pili hupewa jina la upande wa mama. Nilitaka kuiruka zamu hiyo. Nilisema tukuite jina lolote jema, watu wangu wako mbali na hawataniuliza. Cucu alikasirika kuliko siku zote nilizoishi naye.

"Watu wa mama yake hawana jina? Walizaliwa na jiwe?"

Nikamtajia. Mchungaji alisita, akasema Rukia si jina la ubatizo. "Basi wewe mpe lako hapo kando," Cucu akamwambia, "hili ni la mwenyewe." Ndiyo maana cheti chako kina Ruth ambalo hakuna aliyewahi kukuita.

Huwa unanitania ukirudi kutoka kazini. "Mama, hii dawa yako dozi yake ni ngapi? Kutwa mara tatu?" Nami hucheka. Sijawahi kukueleza kwa nini sijibu.

Ulikuwa na miaka minne. Baba yako alikuwa kwenye mkutano wa walimu Nairobi. Ulianza kukohoa Jumatatu, nikakuchemshia khulinjani na asali. Jumanne ukakohoa zaidi, nikaongeza. Jumatano ulikuwa na joto la kuunguza mkono, pua zako zinafunguka na kufungika, nyama ya chini ya mbavu inaingia ndani kila unapovuta pumzi. Wewe leo ungeijua dalili hiyo ukiwa mlangoni. Mimi pia niliijua. Nilikuwa nimesoma vitabu vya afya vya maktaba ya shule mpaka kurasa zikalegea. Lakini nilikuwa nimekaa pale na kijiko. Jina lako ni Rukia na unakohoa, na safari hii khulinjani ilikuwapo, tele, mlangoni kwangu. Nilikuwa namtibu bibi yangu ndani ya kifua chako.

Cucu alikuja asubuhi na kikapu cha viazi. Alikutazama mara moja.

"Toa hiyo kijiko."

"Mama, bado kidogo, itashuka."

"Wewe! Mimi ndiye nilifufua hiyo mti. Naijua. Haijui kazi hii. Lete shuka!"

Alikufunga mgongoni, mwanamke wa miaka sabini, akakatiza mashamba ya kahawa kwenda barabarani, mimi nikimkimbilia nyuma na viatu vyake mkononi. Hospitali walisema ni nimonia na kwamba tumefika kwa bahati. Daktari aliuliza mama ni nani. Cucu alinitangulia kujibu: "Sisi wote." Hakulitaja tena, mpaka kufa kwake.

Kwa hiyo mtakapoletewa wodini mtoto aliyechelewa, na mama yake ameshika chupa ya majani mkononi, mwanangu, mtibu mtoto kwanza upesi. Kisha, ukipata nafasi, mwulize yule mama taratibu ni nani mwingine aliyewahi kuugua hivyo kwao. Usimcheke. Huenda chupa ile haikuchemshiwa mtoto aliyemleta.

Nakuja kwenye ombi langu. Ulipopata barua ya kupangiwa Mombasa, ulirukaruka hapa uani, na mimi nikaingia ndani nikisema najisikia kizunguzungu. Hukuuliza. Mwaka jana mwanamke mmoja wa pwani aliyekuja kuuza leso mjini Embu aliniambia Salma yu hai. Hakuolewa mbali, yuko kwenye nyumba ile ile, anauza mahamri asubuhi, magoti yanamsumbua. Nilimwuliza kama ua wa nyuma ungalipo. Alisema hajui, Salma haingizi watu uani.

Leo mchana, mlipokuwa kanisani, nilichimba. Nilitumia vidole. Nimekata watatu wa pembeni, kila mmoja ana macho yanayochipua, nimewapaka jivu na kuwaacha wakauke kivulini, nimewafunga kwenye gazeti na kitambaa. Usiwatie kwenye mfuko wa plastiki, wataoza kabla ya Voi. Mama nimemwacha. Nimemfunika udongo vizuri na majani makavu ya mgomba.

Siku utakayopata nafasi, nenda Kuze. Nyumba ina mlango wa kijani, au ulikuwa wa kijani. Piga hodi mpaka uitikiwe, maana Salma alikuwa na desturi ya kuitikia akiwa bado jikoni. Akikuuliza wewe ni nani, taja jina lako moja tu, lile la kwanza. Usiongeze langu mpaka aulize. Sijui atafanya nini. Anaweza kukuvuta ndani, anaweza kufunga mlango. Ana haki ya yote mawili, na wewe usimbembeleze wala usinitetee. Ukifungiwa, panda mizizi hiyo popote unapopata kivuli na maji ya kuoshea mchele, na usinifiche ukinipigia simu. Mimi nimezoea kusubiri, lakini nimechoka kuambiwa ni panya.

Ukurasa unaofuata ni wake. Nimeuandika mara sita tangu ulipoondoka kwenda kwaya, na huu wa sita ndio mfupi. Mtie mkononi mwake, usiusome wewe kwa sauti. Nasikia sauti yako njiani, mnaimba mkishuka, na sauti yako ni ya Bibi kabisa. Nafunga daftari niweke chai.

Mama yako

*

Salma,

Uliniuliza kama ni mimi.

Ni mimi. Niliichimba yote, siku Bibi alipokwenda arusini na wewe ukaenda dukani, nikamwaga maji juu ya shimo ili msijue. Ilioza mikononi mwangu. Barua yako niliipata wakati Bibi angali hai, na sikuijibu.

Uliandika hutanigombeza. Nigombeze.

Aliyebeba karatasi hii anaitwa Rukia. Anaweza kukuchimbia shimo la kupandia.